Tiba ya muziki baada ya kiharusi: tathmini ya huduma ya kituo kimoja Dodoma

Anayekwenda kwenye tiba ya muziki akitarajia kuketishwa penye utulivu na kusikilizishwa nyimbo laini atashangaa. Katika kituo cha utengamao tulikompeleka baba yetu mdogo hapa Area C, siku ya kwanza karibu yote iliishia kwenye maswali. Mtaalamu alisoma barua ya daktari, kisha akataka kujua kiharusi kilitokea lini, mzee anasikia kwa kiasi gani, alipenda nyimbo zipi kabla ya kuugua, na kama amewahi kuwa na kifafa, kwa kuwa wapo watu wachache ambao muziki huwachochea kifafa. Baada ya hapo yaliandikwa malengo mawili tu: aweze kuomba mahitaji yake kwa kauli, na atembee bila kuburura mguu wa kulia.

Sehemu ya usemi ndiyo iliyonishawishi kwamba hii ni tiba kweli. Kiharusi kilichoathiri upande wa kushoto wa ubongo kinaweza kumnyima mtu maneno huku akiendelea kuimba, na njia iliyotumika, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1970, inajengwa juu ya uwezo huo uliosalia. Mtaalamu huvumisha sentensi fupi kama “naomba maji” kwa sauti mbili, ya juu ikiangukia pale penye mkazo, huku akigonga mkono wa kushoto wa mgonjwa kwa kila silabi. Kisha huimba pamoja naye, humwachia amalizie, na mwishowe huondoa wimbo kidogo kidogo hadi yabaki mazungumzo ya kawaida. Ni kazi ya kurudiarudia inayochosha, wala mwenye haraka asiianze.

Mazoezi ya kutembea ni mepesi kueleza: ngoma hupigwa kwa mwendo wa mgonjwa mwenyewe, na kasi huongezwa pale tu hatua zinapolingana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwepo, jambo ninalolisifu, kwani tiba ya muziki haichukui nafasi yake wala nafasi ya dawa za shinikizo la damu.

Kasoro yao kubwa ni vyombo. Wana kinanda, gitaa na ngoma, lakini hawana zeze wala ilimba, na hili katika nchi ya Wagogo ni vigumu kulielewa. Mzee wetu alikulia Mvumi, na sauti za zeze hazilingani zote na za kinanda. Alipopigiwa kwa kinanda wimbo wa Kigogo alioutaja, alikunja uso. (Shangazi alipouanzisha kwa mdomo, aliitikia mara moja.) Mtaalamu, kwa sifa yake, alimwomba shangazi aendelee kuja.

Anayefikiria kwenda aulize mapema mhudumu amesomea wapi fani hii, kwa kuwa kufungulia redio wodini si tiba ya muziki. Aulize pia maendeleo yatapimwaje na tiba itasitishwa lini. Sisi tulielezwa bei ya kila kipindi tangu mwanzo na kwamba malengo yangepitiwa upya pamoja nasi, lakini taarifa ya maandishi tuliipata baada ya kuikumbushia, na maelekezo ya mazoezi ya nyumbani yalikuwa ya mdomo tu. Kwa familia inayopokezana kumuuguza mgonjwa, hayo yangepaswa kuandikwa.