Dalali aliyenionyesha Hilux ya dizeli hapa Tanga: uzoefu wangu

Gari limelala nje usiku kucha, saa moja asubuhi watu ndiyo kwanza wanakunywa chai, boneti ina joto la nini?

Hilo ndilo swali nililomuuliza dalali pale Chumbageni, kwa adabu kabisa, na jibu lake ndilo limenifanya nikae chini niandike. "Mama, hilo ni gari, si chapati uguse kama imeiva." Vijana waliokuwa wanaosha bodaboda pembeni wakaangua kicheko. Fundi wangu akatazama chini. Najua mtasema huo ni utani, Tanga tunataniana. Utani wa wapi? Mtu nimemwona kwa macho siku ile ile, hata salamu haijapoa, ananitajia chapati.

Mimi nabeba nazi kutoka Pangani, na machungwa ya Muheza msimu ukifika. Kukodi gari kulikuwa kunanila faida yote, nikaamua kutafuta pikapu ya zamani, Hilux yenye injini ya 3L au 5L, zile ambazo pampu yake ya dizeli haina habari na kompyuta. Kila mtu alikuwa ananishauri D4D, D4D, ile injini ya dizeli ya Toyota ya kisasa yenye kompyuta. Sikatai, ina nguvu na inakula mafuta vizuri. Lakini nozeli zake zinataka dizeli safi kila siku, na zikisumbua unatafuta mtu wa kupima kwa mashine. Ya zamani ikinigomea Pangani, fundi yeyote mwenye spana ataifungua chini ya mwembe na jioni nitakuwa njiani. Kuagiza Japani nako nilishapiga hesabu: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari la umri ninaoutaka mimi linapigwa tena ushuru wa uchakavu. Hapo unanunua gari kuukuu kwa bei ya kijana wake. Bora lililopo hapa hapa.

Na msije mkaniambia nimefuata dizeli kwa sababu ni rahisi kituoni. Hiyo si ya kutegemea. Tazameni bei kikomo za mafuta za EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, zinapotoka kila mwezi, Tanga ina safu yake pale, mlinganishe wenyewe na petroli. Nafuu ya dizeli iko kwenye mzigo: inavuta taratibu, haipigi kelele za njaa kila ikiona nazi zimejaa.

Nilianza kutafuta wakati wa masika, na machungwa yakaingia sokoni nikiwa bado nakodi. Sikuwa na haraka. Mengi niliyoyaona hayastahili hata sentensi. Kuna moja pale Kange, mwenyewe alisifu kwamba "road license imelipwa mpaka mwakani", wakati ile ada ya kila mwaka ilifutwa tangu 2017. Nikamuuliza amemlipa nani. Akabadilisha mazungumzo. Gari lilelile fundi aliingia chini yake, akatoka na kidole cheusi: chesisi nzima imepakwa rangi mbichi, bado inanata. Mwenye pikapu wa Tanga anayeogopa hewa ya bahari anapaka oili chafu chini ya gari, na oili chafu unaijua, ina vumbi la miaka. Rangi mpya inayong'aa chini ya gari kuukuu inaficha kutu. Fundi akagonga kwa mpini wa bisibisi karibu na spring ya nyuma, sauti ikawa ya mkebe, na vipande vyekundu vikadondoka mchangani. Tukaaga. Jingine la Makorora kadi yake ina jina la marehemu na ndugu wanne hawasalimiani. Hilo hata sikulizunguka.

Turudi Chumbageni, maana hapo ndipo moyo unapochemka.

Kwa asiyejua dizeli, nieleze kwa nini nilishika boneti. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Inawaka kwa joto la hewa inayobanwa ndani ya silinda. Ringi zikichoka, mbano unapungua, na injini ikiwa ya baridi inasumbua: unapiga starta mpaka betri inalia, inakohoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, inatetemeka, halafu baada ya muda inatulia kana kwamba haikufanya kitu. Ikishapata moto, hata mgonjwa wa kulazwa anawaka mara moja. Ndiyo maana muuzaji mwenye la kuficha huamka kabla yako. Na sisi hapa hatuna kisingizio cha baridi, hapa siyo Lushoto. Asubuhi ya Tanga inataka kanga moja tu. Hilux nzima, ukisubiri taa ya hita inayopasha silinda kabla ya kuwasha izime, inatakiwa iitike ukiiita.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimpigia. Nikamwambia, kaka, naomba gari lisiwashwe mpaka nifike. "Ondoa shaka mama, hiyo gari haijaguswa wiki nzima." Wiki nzima! Nikaweka kiganja, nikakitoa. Fundi akaweka chake. Akazunguka nyuma, akaniita kwa kichwa: chini ya bomba la moshi mchanga una doa jeusi, bichi, bado lina unyevu. Dalali akasema ni jua. Jua gani, ndugu yangu? Gari liko chini ya mkungu, kivulini, nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo ikaja chapati. Na baada ya chapati akaacha kabisa kusema na mimi. Maneno yote kwa fundi, kijana ambaye mimi ndiye niliyemlipa nauli na chai. "Braza, hii gari injini haijawahi kufunguliwa. Mwambie mama asiache bahati." Mwambie mama! Mama amesimama hapo hapo, ana masikio mawili na ndiye mwenye pesa.

Tukaliwasha, likaitika papo hapo, litashindwaje. Fundi akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake. Injini iliyokwisha inakirusha kile kifuniko. Hiki hakikuruka, kilitikisika tu, na moshi ukapumua kidogo pembeni. Fundi akasema injini za umri huu hupumua, hiyo haimtishi. Maji ya rejeta hayakuwa na mafuta wala mapovu. Nasema kweli yangu, hapo nilianza kulainika. Bodi imenyooka, sakafu ya nyuma haijaoza, milango inafunga kwa sauti nzuri. Aliomba milioni 22, nikawa tayari nimeshapanga kichwani nitakavyomshusha.

Tukashika barabara ya Pongwe. Sindano ya joto, ambayo pale nyumbani ilikuwa imepanda, ikaanza kushuka tukichanganya mwendo. Ikashuka, ikashuka, ikalala chini kabisa na isiinuke tena. Fundi akasema neno moja: themostati. Imetolewa. Kwa kawaida themostati inazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto lake la kazi. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, inakula dizeli na inajichakaza. Lakini inatolewa kwa sababu gari linachemsha, na mtu hataki kuhangaika na rejeta wala kujua kama silinda hedi imepata ufa. Kati ya Tanga na Pongwe hakuna mlima wa kukuumbua. Pakia mbolea upande Mombo kwenda Lushoto ndiyo utajua ulichonunua.

Dalali kusikia themostati akacheka. "Braza, Tanga joto lote hili, themostati ya nini? Hiyo ya Wazungu." Nikamwomba tulipeleke Amani, tukalijaribu mlimani, mafuta yangu. "Na muda wangu nani analipa? Mwambie mama kama hanunui aseme, tusizungushane." Nikashuka garini pale pale Pongwe. Tukarudi mjini kwa daladala, mimi na fundi, hakuna aliyeongea.

Linaloniudhi zaidi ni hili: gari lile nililipenda. Angesema tu, "Mama, asubuhi linasumbua kidogo, na themostati alitoa fundi wa kwanza, sijui kwa nini," ningepunguza bei, ningenunua themostati, tungemaliza. Gari la umri ule lisilo na kasoro liko wapi? Nilikwenda kununua kasoro ninazozijua. Yeye akaniuzia joto la boneti.

Nyota nampa moja. Alifika saa aliyosema, na kwa madalali wa hapa hilo si jambo dogo. Na nisiwe mchoyo, kadi yake ilikuwa safi, namba ya chesisi inafanana na iliyogongwa kwenye chuma, na mwenye jina alikuwa hai. Nikikumbuka wale ndugu wanne wa Makorora, haya, mbili.

Pikapu nililipata Muheza, kwa mzee mmoja mstaafu, bila dalali. Nilifika asubuhi, yuko barazani na kikombe. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Funguo hizo hapo. Mimi sijaligusa tangu juzi, nenda kaliwashe mwenyewe." Hakuinuka hata kwenye kiti. Boneti ya baridi, ina umande na majani ya mwembe. Nikawasha. Likakohoa. Likatoa moshi mweupe ukatambaa mpaka bandani, kuku wakatimka. Likazima. Nikarudia, likawaka, likatetemeka, likatulia. Mzee kutoka kule kule barazani: "Hita plagi mbili zimekufa, nimekuandikia."

Kweli ameandika. Daftari la shule, jalada limetoka, kila oili aliyomwaga imo, kilomita zake na sahihi ya fundi. Mkanda wa taiming, ambao kwenye injini hizi unasubiri kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi na ukikatika valvu zinapigana na pistoni, umeandikwa kwa wino mwekundu. Mwisho wa daftari kuna ukurasa wa makosa: sili ya nyuma inavujisha, gia ya tatu inakwaruza, mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje tu. Nilitaka kumkumbatia. Kupanda Amani alikubali bila maneno, akakaa na fundi nyuma kwenye bodi kama mzigo wa kujaribia. Sindano ikapanda katikati na kukaa pale mpaka juu. Kubadilisha umiliki TRA tulikwenda pamoja, amebeba kitambulisho chake kwenye bahasha.

Kwa hiyo nimeridhika? Mchana, ndiyo. Saa kumi alfajiri, giza, niko njiani kwenda Pangani, gia ya tatu inakataa na abiria wangu anasubiri nizunguke nikamfungulie mlango, hapana. Sili nimebadilisha, sasa inavuja kwingine. Hita nimeweka mpya. Fundi anasema nikijumlisha yote, bei ya Muheza inakaribia kugusana na ile ya Chumbageni. Simpingi.

Halafu juzi juzi, karibu na Pongwe, nikapitwa na pikapu imejaza saruji. Nikaitambua kwa ile bodi yake iliyonyooka. Moshi hakuna. Inapanda mwendo na mzigo wote ule kwa raha zake. Kwa hiyo labda lilikuwa zima. Labda aliyelinunua amelifungua hedi, siwezi kujua, lakini labda lilikuwa zima tangu siku ile. Hapo mtu mwingine angesema basi, dalali alikuwa mkweli, tumsamehe. Mimi ndiyo nimezidi kuchemka. Kama lilikuwa zima, uliliwashia nini alfajiri? Ulinidanganyia nini kwa kitu ambacho ukweli wake ungekiuza?

Na wakati bado naliwaza hilo, simu ikaita. Yeye. Sijui namba yangu aliitunzia nini. "Mama, nimesikia Muheza umepata kitu kizuri. Sasa na mimi nikumbuke basi, si mimi niliyekufungua macho?" Anataka cha dalali. Kwa gari la mzee wa Muheza! Nikamwuliza kama anasema na mimi au anasema na fundi. Akacheka, akasema mama una maneno, nitumie hata ya vocha.

Zile nyota mbili nimezifuta. Namba yake nimeihifadhi kwa jina la Usipokee.