Fundi wa chini ya mwembe Fuoni, na Hilux yangu iliyokuwa ikitetema sukani

Naandika kwa wenye Hilux za zamani hapa Unguja, hasa sisi tunaoteremka nazo pwani. Yangu ni ya 1994, modeli LN106, dizeli 2.8, mbele ina ekseli nzima, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi za tabaka kama lori. Kaniachia marehemu baba. Kazi yake kupakia mwani Paje na Jambiani kuleta mjini, na kurudi na saruji au chochote kitakachopatikana.

Maradhi yalianza Ramadhani. Unatoka Jozani, umeshavuka yale matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, barabara inanyooka, mshale unafika sitini. Tairi la kulia likiingia kwenye kishimo kidogo tu, basi. Sukani inapiga kushoto kulia kwa nguvu za kuteguwa vidole, bodi zima linacheza, na haikomi mpaka ushushe mwendo hadi ishirini. Mara ya kwanza nilidhani gurudumu limechomoka. Nilikuwa nimempakia bibi mmoja wa Kitogani, akashuka palepale, akasema atangojea daladala hata kama ni ya Magharibi.

Gereji ya kwanza ilikuwa mjini, sitaitaja. Walitazama dakika tano, wakanifungia shokapu mpya ya sukani, ile inayotuliza mitikisiko ya usukani, kwa laki na ishirini. Wiki mbili gari ikatulia, nikawaombea dua. Wiki ya tatu ikarudi na hasira zaidi. Nikaenda tena, wakasema matairi. Nikanunua mawili mapya ya mbele. Ikatetema na upya wake.

Ndipo muuza samaki mmoja akanielekeza Fuoni. Hapana kibao. Tafuta mwembe mkubwa wenye fremu ya Land Rover iliyoota majani chini yake, ukiikosa waulize vijana wa bodaboda. Fundi ni mzee, mkimya, na hana haraka. Hana haraka kweli, nitakuja huko.

Hakufungua boneti. Aliuliza kwanza: "Mwanangu, inatetema yenyewe kila ukifika mwendo fulani, au mpaka ugonge kitu? Na ukikanyaga breki inazidi?" Nikamwambia mpaka igonge, breki haihusiki. Akatikisa kichwa. Kwa maelezo yake, gari inayotetema taratibu kuanzia themanini hivi, bila ya kugonga kitu, uanze na balansi ya matairi na ringi zilizopinda. Ikitetema kwenye breki tu, tazama diski. Lakini hii inayoamshwa na shimo na haitaki kulala, kuna kitu mbele kimelegea, na kwenye ekseli nzima kama hii mtikisiko wa upande mmoja unavutwa na tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, mpaka upande wa pili, magurudumu yanapokezana.

Alinionesha mwenyewe, na hapa ndipo nilipojua hela yangu ya mwanzo imekwenda na maji. Kijana wake alikaa ndani, injini inawaka, akatingisha sukani kidogo kidogo kushoto kulia. Mzee kalala chini, kiganja juu ya kila kiungio kwa zamu. Ncha moja ya tairodi ilikuwa inacheza, unaihisi mkononi kabla ya kuiona. Kisha akapandisha gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalisukuma. Likacheza. Mimi nikasema beringi za habu hizo. Akamwambia kijana akanyage breki, akasukuma tena. Bado likacheza vilevile. "Ingekuwa ya habu, breki ingelikamata. Hii ni kingpini." Ndiyo egemeo ambalo gurudumu hugeukia ukikata kona, lina beringi juu na chini. Upande wa pili, hivyohivyo, ila kidogo.

Nikamuuliza, mbona ile shokapu ilisaidia? "Umebandika plasta juu ya jipu."

Tulipofungua, wallahi niliona haya. Ndani ya lile tufe la mwisho wa ekseli, zinamokaa beringi za kingpini, grisi ilikuwa imegeuka uji mweusi: oilsili ya ndani imekufa, oili ya difu imeingia ikaiyeyusha, na maji ya chumvi nayo yakaingia kwa nje, maana mimi huingiza gari mpaka kwenye mchanga maji yakitoka. Beringi ya chini ya kulia ilikuwa na vijishimo na kutu nyekundu. Ukiizungusha kidoleni inakwama kwama kama kitasa kibovu. Mzee akaniuliza mara ya mwisho kutia grisi ilikuwa lini. Nikageuza mazungumzo.

Beringi nne za Koyo, mbili kila upande, laki na arubaini. Oilsili zote elfu arubaini, tairodi endi mbili elfu sitini, grisi elfu kumi na tano, ufundi laki moja. Jumla laki tatu na hamsini na tano. Nikitoa matairi, bado nililipa mara tatu ya ile shokapu, lakini nililipa mara moja.

Jambo lililonifurahisha zaidi: zile beringi hazifungwi tu zikaachwa. Kuna vibati vyembamba vya kuongeza au kupunguza ili zikaze sawa, zisiwe huru wala zisibane. Mzee alitundika mizani ya ndoana, ileile ya kupimia samaki, kwenye tundu la mkono wa tairodi, akavuta polepole. Kulia ilisoma kilo moja na kitu, hakuridhika, akafungua, akatoa kibati, akafunga, akavuta. Kilo nne. Ndiyo akapumua. Halafu akapima ukaaji wa matairi kwa chaki na futi: mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita moja au mbili, si zaidi.

Na jaribio lake sijapata kuliona kwengine. Aliivua ile shokapu ya sukani, akanambia niendeshe mpaka Tunguu na kurudi bila ya hiyo. Nilipita mashimo kusudi, huku nimeshika sukani kama naogopa nyoka. Sitini, sabini. Kimya. Niliporudi ndipo akairudisha.

Sasa mabaya. Aliniambia siku mbili, zikawa tano. Ijumaa hafungui kabisa. Umeme ukikatika kazi ya kuchomelea inasimama, na mvua ikinyesha kila kitu kinasimama, maana paa ni majani ya mwembe. Risiti ukitaka, njoo na karatasi yako. Kiti changu kilirudi na alama ya mkono mzima wa grisi, mpaka leo ipo. Na balansi ya matairi hana mashine, itabidi uende mjini.

Ni mwezi wa nne sasa, Paje na kurudi karibu kila siku, mizigo ya mwani ya kujaza. Alitaka nirudi baada ya kilomita elfu moja apime tena. Nilirudi, akatundika mizani yake, akavuta kila upande, akafunga. Hakutaka hela. Aliuliza tu kama bado naingiza gari majini. Nikasema hapana, na yeye akainama akatazama ule mchanga kwenye ringi zangu, hakusema kitu.