Fundi wa ringi Buguruni: mkono mzuri, ila oili nenda na yako

Baiskeli yangu ni ya mtumba kutoka Japani. Huu ni mwaka wa 11 naipiga kati ya Tabata na Kariakoo, na Jumamosi nikipata upenyo naipandisha Pugu mpaka Kisarawe. Mafundi nimepita kwa wengi. Huyu mzee wa Buguruni, anayekaa chini ya mwarobaini ukielekea Malapa, ndiye wa kwanza kunifanya nishike simu niandike.

Nilimpelekea ringi ya nyuma. Ndani ya miezi miwili spoku tatu zilikuwa zimekatika, zote upande wa giya, zote pale zinapokunja kona kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Duka moja la mjini walikuwa wamenibadilishia mbili, wakazikaza kwa nguvu zao zote, ringi ikarudi inagusa breki kila ikizunguka. Elfu kumi na mbili, na juu yake nikaambiwa tatizo ni uzito wangu.

Mzee uzito hakuuliza. Aliipindua baiskeli ikasimamia usukani na siti, akawa anazidonoa spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Tiii, tiii, tiii, pu.

"Umeisikia hiyo, kijana?"

Nina miaka 49, lakini sawa. Zilizolia pu ndizo zilizolegea, na iliyolegea ndiyo inayokatika, maana kila gurudumu likizunguka inajikunja na kujinyoosha mpaka chuma kinachoka. Upande wa giya ndio unaoumia zaidi: spoku zake zimesimama wima kupisha friwili, yale meno ya nyuma yanayoshika cheni, kwa hiyo mvutano wake ni mkubwa kuliko wa upande wa pili. Kati ya 36 alitoa tano. Mbili ndizo zile mpya za dukani. Zilikuwa fupi, uzi wake umeshika nusu tu ya nati.

Kipimo hana, stendi hana. Aliegemeza mkono kwenye fremu, ukucha wa dole gumba ukakaa unywele mmoja kutoka kwenye ringi, akaizungusha. Pale inapogusa ukucha, anakaza spoku ya upande wa pili robo raundi, ya upande huu analegeza robo. Hathubutu kupiga nusu. Alikaa nayo zaidi ya saa nzima, akiacha tu kuwazibia pancha watoto wa shule. Alinitoza elfu nane, spoku zikiwa humo humo. Wiki sita sasa, Pugu nimeshapanda mara tatu na mashimo ya njiani nayajua mwenyewe, ringi haijagusa breki.

Tatizo lake ni oili. Ukigeuza shingo tu ameshapaka cheni oili chafu ya gari, ile nyeusi, kwa mswaki mzee kuliko mimi. Na mchanga huu wetu, cheni yenye oili nzito inageuka msasa. Nilirudi nyumbani nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaiacha ikauke, nikadondoshea oili ya cherehani tone moja kwa kila kiungo, kisha nikafuta nje kwa kitambaa. Mvua ikinyesha inabidi kurudia, lakini haizoi mchanga.

Tulibishana pia juu ya cheni yenyewe. Alisema bado nzima. Nikatoa rula: kuanzia katikati ya pini moja ukihesabu vipande 24, cheni mpya inatoa inchi 12 kamili. Yangu ilizidi karibu sehemu moja ya nane ya inchi. Hapo imeshakwisha, na imeanza kutafuna meno ya friwili. Mzee akacheka mpaka jirani yake wa mahindi ya kuchoma akageuka. "Cheni inakatika, haipimwi." Nikaenda Kariakoo kununua zote mbili, cheni na friwili, nikamrudia, akazifunga bila kinyongo. Hata hivyo kopo la oili alishalishika tayari, nikamwahi.

Breki za mafuta usimpelekee, atakwambia mwenyewe hazijui. Ukiwa na tyubu zenye vali nyembamba beba pampu yako. Ijumaa fika kabla ya saa sita: akienda msikitini anafunga sanduku la spana, funguo anaondoka nazo, na hata kama baiskeli yako ipo chini haina tairi, utamsubiri.