Prado ya petroli au ya dizeli: ipi inaufaa mji wa Bukavu na milima yake?

Ndugu watazamaji, hamjambo. Nyuma yangu mnaona magari mawili ambayo kwa macho hayana tofauti yoyote. Yote mawili ni Toyota Prado, yote yana usukani wa kulia, na yote yameoshwa asubuhi hii, kwa hiyo hata matope hayatawasaidia kuyatambua. La kushoto lina injini ya petroli ya lita 2.7, na la kulia lina injini ya dizeli ya lita 3.0 yenye turbo. Swali mnaloniletea kuliko mengine yote ni lile lile: esanse au mazuti? Nitasema petroli na dizeli ili wanaonitazama kutoka Dar es Salaam na Mombasa wanielewe pia, na ndugu zetu wa mtaa wa Essence hapa Ibanda wasidhani kwamba nimekwisha kuupigia kura mtaa wao.

Maoni yangu nitayatoa mapema. Mtu ambaye siku yake yote ni kutoka Nguba kwenda Kadutu, kisha Panzi, kisha nyumbani, anunue petroli na asibabaishwe na mtu. Mtu ambaye kila juma hupanda barabara ya Kamituga akiwa na mzigo, anunue dizeli, ingawa si kila dizeli. Mtaona kwamba bei ya lita moja pampuni, ambayo ndiyo watu huanza nayo wanapobishana, ina uzito mdogo sana katika uamuzi huu.

Tuanze na hewa, kwa sababu mji wetu uko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyopata kidogo. Kwa makadirio ambayo mafundi wengi huyatumia, hupoteza sehemu moja kati ya mia kwa kila mita 100 za mwinuko. Hii Prado ya petroli ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 163. Ukitoa sehemu 15 kati ya mia, unabaki na farasi 138 hivi, na hao ndio watakaokuvuta kutoka ziwani hadi Kadutu ukiwa na watu saba ndani. Turbo, kwa upande wake, ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, hivyo mwinuko wa Bukavu hauipunguzii injini ile pumzi kwa kiasi kikubwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Watu hupanda mlima na dizeli ya kisasa, hufurahi, kisha husema kwamba mazuti yana nguvu kuliko esanse, lakini sehemu kubwa ya waliyoyahisi ni kazi ya turbo. Chukueni ile Land Cruiser ngumu ya zamani yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ambayo haina turbo: hiyo pia ni dizeli, na mmeiona ikipanda huku ikitapika moshi mweusi kama tanuri la matofali. Mara nyingi moshi ule hutokana na pampu inayopima mafuta kana kwamba gari liko pwani, wakati hewa ya kuyachoma haitoshi.

Hata hivyo dizeli ina jambo lake ambalo petroli hailipati. Injini ya petroli hubana mchanganyiko wake mara 10 hivi na kuuwasha kwa cheche ya plagi, ambazo sisi huziita buji. Ya dizeli hubana hewa tupu mara 18 hivi hadi hewa hiyo iwe ya moto kiasi cha kuyawasha mafuta yenyewe, bila cheche. Kwa ajili ya mbano huo, pamoja na turbo, nguvu yake ya kuzungusha magurudumu huja mapema. Hii ya petroli hutoa Newton-mita 246, na huzifikia ikiwa imekwisha kupanda hadi mizunguko 3,800 kwa dakika. Ile ya dizeli, katika toleo hili, hutoa 410 kuanzia mizunguko 1,600. Tafsiri yake ni hii: umesimama nyuma ya lori katikati ya mpando, lori linaondoka, nawe unaachia breki. Dizeli huondoka kama mtu anayeinuka kitini. Petroli hukudai ukanyage, injini ipige kelele, na gia ishuke, ndipo gari lisogee. Litasogea, hakuna shaka, ila likifanya hivyo mara 40 kwa siku utaliona jambo hilo katika tangi.

Kuhusu kushuka nitasema neno moja, kwa sababu wapo wanaotumia mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, ambako barabara huporomoka kuelekea bonde la Ruzizi. Wengi huamini kwamba dizeli hulishika gari zaidi mteremkoni. Kwa asili ya injini zenyewe mambo ni kinyume: ukiondoa mguu, petroli hufunga mlango wake wa hewa, pistoni zikabaki zinavuta pasipo na kitu cha kuvuta, na ukinzani huo hulipunguzia gari mwendo. Dizeli ya kawaida huacha hewa iingie wazi, ikaibana, kisha hewa hiyo ikairudishia pistoni sehemu kubwa ya nguvu, kama chemchemi. Kinachokuokoa pale Ngomo ni gia uliyoichagua kabla ya kuanza kushuka, iwe gari la mazuti au la esanse.

Ulaji wa mafuta haunihitaji maneno mengi. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake huitumia vizuri zaidi, kwa hiyo magari mawili yanayolingana hivi hutofautiana kwa robo hivi. Pale petroli itakapokula lita 12 kwa kilomita 100, tarajieni dizeli ile 9. Zidisheni kwa bei ya kituo chenu na kwa kilomita zenu za mwezi. Anayetembea kilomita 400 kwa mwezi atagundua kwamba amebakiza lita 12, na injekta moja, yaani kile kifaa kinachonyunyizia mafuta ndani ya silinda, ikiharibika itazimeza lita hizo za miaka mingi.

Naam, injekta. Naomba kamera isogee karibu. Chupa hii ya kioo nimeijaza dakika chache zilizopita kutoka chini ya filta ya dizeli ya gari lile la kulia, ambapo pana kifunguo kidogo cha kutolea maji. Angalieni chini ya chupa: yale matone mazito yanayotembea kama lulu ninapoiinamisha ni maji. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, ndiyo maana imekaa juu. Maji haya yameingia kwa njia mnazozijua: bidoni, yaani dumu, lililoachwa wazi usiku wa mvua, pipa lililotoka jasho, muuzaji wa kando ya barabara aliyesuuza chombo chake bila kukikausha. Petroli ikipata maji machache, injini itakohoa na kukasirika, na mara nyingi usafi wa tangi na filta hutosha. Katika dizeli ya kisasa mafuta husukumwa kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 lile la hewa tunayoipumua, kupitia vitundu vyembamba mno, na maji yakifika huko huacha kutu na mikwaruzo ambayo hakuna kitambaa kitakachoifuta. Mwenye dizeli anayeishi kwa mafuta ya bidoni afungue kifunguo hiki kila juma. Kazi yenyewe ni ya dakika tano, na mikono itanuka hadi jioni.

Kuna hatari nyingine ambayo niliilipia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na pikapu ya dizeli, nikasimama kwenye kituo kimoja nikizungumza na simu, na mhudumu akanijazia petroli. Mdomo wa pampu ya dizeli kwa kawaida ni mpana kuliko ule wa petroli, kwa hiyo ni vigumu kuutia mazuti mlango wa tangi la gari la esanse. Kosa la upande wa pili halina kizuizi chochote, kwa maana mdomo mwembamba huingia bila taabu. Nilikwenda mita mia chache tu. Dizeli ndiyo inayoilainisha pampu yake yenyewe, na petroli huuosha ulainisho huo, chuma kikasagana na chuma. Likikupata, usiwashe gari hata kidogo. Lisukumeni, mwage tangi lote, na mhudumu mtagombana naye baadaye. Mimi niliwasha.

Kwa mji wenyewe kuna sababu nyingine ya kuiogopa dizeli mpya. Magari mengi ya dizeli yaliyouzwa Ulaya tangu 2009 hivi yana kichujio cha masizi katika bomba la moshi, nacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali, jambo linalohitaji mwendo mrefu na wa kasi bila kusimama. Niambieni, ni barabara gani hapa Bukavu itakayokupa dakika 20 za mwendo wa namna hiyo? Safari ya kilomita mbili kwenda sokoni haiipashi moto hata injini yenyewe. Kichujio kitaziba, taa itawaka, na fundi atakushauri kukikata, ukabaki na gari linalotoa masizi nyuma ya watoto wanaokwenda shule kwa miguu.

Mkinunua iliyotumika, kuna mambo ambayo sitayaacha. Hii ya petroli ina mnyororo wa taimingi, unaozifanya valvu ziende sambamba na pistoni; kwa kazi hiyo hiyo ile ya dizeli ina mkanda ambao hubadilishwa kila kilomita 150,000. Na kwa kuwa namba za dashibodi hurudishwa nyuma na watu wenye vidole vyepesi, badilisheni mkanda siku ya kununua bila kuuliza historia. Kwenye dizeli hii ulizeni pia kama vizibo vya shaba chini ya injekta vimewahi kubadilishwa, kwa sababu vikivuja, masizi huingia katika oili, huziba chujio lililo chini ya injini, na injini hufa kwa kukosa oili ilhali kijiti kinaonyesha oili imejaa. Kwa anayeishi mbali sana, Shabunda au Mwenga ndani, bado ningemshauri ile 1HZ ya moshi mweusi: pampu yake ni ya mitambo mitupu, na fundi yeyote mwenye funguo na subira huiamsha.

Na msinunue gari lililopashwa moto kabla hamjafika. Wekeni kiganja juu ya boneti kwanza. Kama ni la moto, mwenye gari anaficha jinsi linavyowaka asubuhi, kwa hiyo rudini kesho. Magari haya mawili hayajawashwa tangu jana jioni. Sasa nitanyamaza, fundi awashe la petroli, kisha la dizeli, nanyi msikilize sekunde kumi za kwanza za kila moja na mtazame rangi ya moshi wake.