Haddix au Burdette: nani alirusha vizuri zaidi?

Milwaukee, 26 Mei 1959. Besiboli ya vipindi 9 ikafika cha 13. Harvey Haddix, mrushaji wa Pittsburgh, mafua yamembana, aliwatoa wapigaji 36 mfululizo. Vipindi 12 hakuna aliyekanyaga hata besi ya kwanza. Lew Burdette, mrushaji wa Braves (timu ya Milwaukee), alipigwa mipigo safi 12, lakini kila mara alijinasua, na hakumpa mtu besi ya bure (ile ya kurusha vibaya mara nne). Kwa ustadi, Haddix hana mpinzani. Kwa ujanja wa kuponea chupuchupu, nampa Burdette.

Kipindi cha 13, Don Hoak wa Pittsburgh akarusha ovyo, Felix Mantilla wa Braves akapata besi. Baadaye mwenzake Joe Adcock akauvusha mpira uzio, ila akampita mwenzao Hank Aaron aliyekuwa mbele yake kwenye besi (vichekesho hivi!); sheria hairuhusu hilo, hivyo ikahesabiwa mbio ya Mantilla tu, matokeo yakawa 1-0. Ushindi wa Burdette.