Nilivyotumia Khan Academy kumjua mwanangu anakwama wapi kwenye Hisabati (miezi minne sasa)

Habari zenu wazazi wenzangu. Naandika hii kwa sababu kipindi natafuta msaada kila niliyemuuliza aliniambia kitu kimoja tu, mpeleke tuisheni, mpeleke tuisheni, kama vile tuisheni ni panado.

Mimi nauza genge huku Tabata, shule niliishia kidato cha nne na Hisabati niliambulia F, sioni aibu kusema maana tuko wengi sana. Binti yangu yuko darasa la tano shule ya serikali. Kusoma anasoma safi, Kiswahili analeta mpaka 44 kati ya 50, ila Hisabati mtihani wa mwezi wa tatu kaja na 17. Na siyo mvivu, hicho ndo kilikuwa kinaniumiza, mtoto anakaa na daftari mpaka anasinzia halafu anakuja na 17.

Tuisheni alikwenda, ipo moja hapa mtaani buku kwa siku, miezi mitano. Watoto kama arobaini kwenye sebule moja, wanaimba tebo kuanzia ya pili mpaka ya kumi na mbili, halafu wanarudia yaleyale waliyofundishwa mchana darasani. Sasa kama mchana hukuelewa jioni utaelewaje? Tebo lakini alizishika, hilo sitalinyima haki. Maksi zilitoka 17 zikaenda 19, nikasema hapana jamani.

Ndo shemeji yangu, mdogo wake na baba watoto, yuko chuo, akanionyesha Khan Academy. Kwa wasioijua ni ya Marekani, ya bure kabisa na haina matangazo, unaingia kwenye simu au kompyuta, ina video fupi na mazoezi kuanzia watoto wadogo mpaka hesabu za kutisha za chuo. Alianza jamaa mmoja anaitwa Salman Khan, mwaka 2004 alikuwa anamfundisha hesabu binamu yake aliyeko mji mwingine kwa simu, ndugu wengine nao wakataka, ikakua mpaka ikawa hivyo ilivyo. Mtoto akiwa chini ya miaka 13 akaunti anafunguliwa na mzazi kwa imeili ya mzazi, halafu wewe unakuwa na ukurasa wako unaona leo kafanya zoezi gani, kapata ngapi, kakaa dakika ngapi.

Kosa letu la kwanza tulimwingiza moja kwa moja darasa la tano. Kuna mtihani wa kozi nzima, maswali 30, shemeji akasema tumpime huo huo tujue moja. Mtoto alifika kama swali la kumi na mbili akaanza kulia. Na mimi mjinga nikamwambia we endelea tu. Msifanye hivyo. Kwanza matokeo yenyewe hayakutuambia kitu, kila mahali kakosa, ni sawa na kupeleka gari gereji fundi anakwambia "gari bovu".

Wiki iliyofuata tukashuka. Darasa la nne, bado. Tukashuka la tatu, yeye akanuna kidogo, "mama mimi siyo wa la tatu", baba yake mdogo akamwambia tunaangalia tu simu inajua kiasi gani, akakubali. Hapo ndo picha ikaanza kutokea. Kuzidisha alikuwa juu, ile buku ya tuisheni nikaiona hapo. Maumbo, juu. Kusoma saa, sawa tu. Kujumlisha, vizuri. Kutoa, chali. Yaani miaka yote mimi nasema mtoto wangu hajui hesabu kumbe ningesema mtoto wangu hajui KUTOA, na hata hiyo ilikuwa bado siyo yenyewe.

Maana apu inakwambia kakosa, na ukibonyeza kuomba msaada inamwonyesha njia sahihi hatua kwa hatua, sawa, ila kichwani mwa mtoto kuna nini inabidi ukaangalie mwenyewe. Nikampa karatasi nikamwambia fanya hapa huku unaniambia kila unachofanya, mimi najikausha sisemi kitu (kazi ngumu kuliko zote hii, mdomo unawasha!). Swali lilikuwa 502 toa 178. Akaandika 476.

Nikamuuliza umefanyaje mwanangu. Akanieleza vizuri tu bila wasiwasi: mbili toa nane haiwezekani kwa hiyo nikafanya nane toa mbili, sita. Sifuri toa saba haiwezekani kwa hiyo saba toa sifuri, saba. Tano toa moja, nne. Ona sasa. Huyu mtoto habahatishi, ana sheria yake kabisa kaitunga, kubwa toa ndogo popote zilipo, na anaifuata kwa uaminifu kila siku na kila siku inamkosesha. Ukimpa 58 toa 23 anapata, ndo maana miaka yote anapata yale mepesi na hakuna aliyestuka.

Nikaenda kutoa karatasi zote za mitihani ya nyuma, bahati nzuri huwa situpi, nilikuwa nafungia karanga lakini zilibaki. Nikakaa nazo usiku siangalii maksi, naangalia alikosaje. 4,212 gawanya kwa 4, kaandika 153. Jibu ni 1,053, kaila sifuri. Halafu kuna swali la desimali, ipi kubwa kati ya 0.5 na 0.35, kachagua 0.35, kumuuliza anasema 35 si kubwa kuliko 5 mama. Nikamwita shemeji, akaziangalia akanyamaza kidogo akasema shem hizi zote tatu ni ugonjwa mmoja. Thamani ya nafasi. Mamoja, makumi, mamia. Mtoto anaona 502 kama tano, na kitu hakuna, na mbili, zimekaa jirani kama wapangaji, hajui kwamba ile tano ni mia tano na ile sifuri inashika nafasi ya makumi. Hilo ni somo la huko madarasa ya chini kabisa. Alipitwa nalo, sijui aliumwa, sijui ni kipindi kile tumehama, na darasa lao lina watoto zaidi ya mia, madam atamjulia wapi, simlaumu.

Sasa kumfundisha. Video ya darasa la pili na la tatu kuhusu kutoa zipo na ni nzuri, wanachora makumi kama vijiti unaona kabisa kijiti kinavunjwa kinakuwa kumi. Shida ni Kiingereza, sisi tuliyoitumia ilikuwa ya Kiingereza na mtoto anasoma Hisabati kwa Kiswahili, kwa hiyo shemeji anakaa pembeni anatafsiri. Zoezi likiwa namba tupu hana shida, likiwa fumbo la maneno anakwama, na hapo ukiwa hauko makini utasema hajui hesabu kumbe hajui neno. Tena mafumbo yenyewe ni ya kwao, dola, inchi, futi, maili. Sisi tuliyaruka mengi tu, mafumbo tukachukua ya kwenye kitabu cha shule.

Kilichofungua kabisa kichwa lakini ni kasha la genge langu. Lile neno kukopa lilikuwa linamchanganya, akaniuliza, "mama kwani ile moja tuliyokopa tunairudisha lini?" Nikakosa jibu. Nikasema njoo. Nikampa wekundu wa Msimbazi (noti za elfu kumi) watano na sarafu mbili za mia, elfu moja moja sikumpa hata moja. Hiyo ni 50,200. Nikamwambia tufanye mimi ni muuzaji wa jumla, unanilipa 17,800 kamili na mimi sina chenji. Akahangaika, akasema sasa mama si mpaka nikachenji! Haya kachenji. Mwekundu mmoja ukawa elfu moja kumi. Elfu moja mojawapo ikawa mia kumi. Akawa na wekundu wanne, elfu moja tisa, mia kumi na mbili. Akanilipa, akabaki na 32,400. Nikamletea ile karatasi ya 502 toa 178, akaiangalia muda, akaanza kuchenji juu yake kwa penseli, 324. Akaniangalia. Mimi nilikwenda kusimama nje kidogo.

Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna kukopa tena, tunachenji. Nilimwambia na madam, akacheka akasema ataitumia darasani.

Baada ya hapo apu ndo ikawa na faida yake ya kweli maana mimi siwezi kukaa natunga maswali mia, yenyewe inayo hayaishi, na kila ujuzi unapanda ngazi kwa ngazi mpaka wanasema umeumudu, halafu inakuja kumuuliza tena siku nyingine kama bado anakumbuka. Dakika 20 jioni, siku nne kwa wiki, zaidi ya hapo akili inakuwa imelala. Mbinu za utoto chungeni: maswali ya kuchagua anabonyeza bonyeza bahati nasibu. Mimi sheria yangu hakuna kubonyeza bila kuonyesha karatasi.

Bando: video ndo zinakula, mazoezi kidogo sana. Tunaangalia video wikendi shemeji akiwa na bando lake la chuo, hahaha. Mdogo wake binti yangu, wa miaka mitano, yeye namwekea Ubongo Kids kwenye tivii, ya hapa hapa kwetu na Kiswahili, nyimbo za namba anaimba mpaka chooni, ila hiyo ni kumfundisha na kumpendezesha, kwa kazi ya kupima mtoto kakwama wapi sisi ni hii nyingine ndo ilitusaidia.

Khan Academy naipa nyota nne kati ya tano. Kama nyumbani hamna mtu wa Kiingereza ipe tatu, na kama huna nafasi ya kukaa na mtoto hata robo saa basi kwa kweli usijisumbue, atakuwa anachezea simu tu.

Mtihani wa juzi kaleta 31. Kutoa kapata yote, kugawanya kakosa moja. Zilizobaki ni sehemu, nusu jumlisha theluthi anasema ni mbili ya tano, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, nimeshamuuliza kafanyaje na ana sheria yake nyingine huko. Jumamosi nafunga genge mapema, nimenunua unga wa chapati.