Sony a6000 juu ya Kilimanjaro: bodi safi, lenzi ya kuvumilia

Sony a6000 ilitoka mwaka 2014, kwa hiyo inayopatikana leo kwa bei ya kueleweka ni ile iliyokwisha kupita mikononi mwa mtu. Kwa kazi ya studio au harusi zipo kamera nzuri kuliko hii. Kwa anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku sita au saba za kutembea na begi mgongoni na kulala kwenye hema, bado ina kazi, na sababu ya kwanza ni mizani. Bodi pamoja na betri na memori kadi ni gramu 344. Lenzi inayokuja nayo, ya 16-50mm, ni gramu 116. Zote mbili hazifiki nusu kilo. Canon 5D Mark III na lenzi ya 24-105mm ni kama kilo 1.6, na ile kilo moja ya ziada utaisikia ukikaribia mnara wa mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, pumzi zikianza kuwa fupi.

Gunia kubwa atabeba mpagazi, lakini kamera usimpe. Wagumu, yaani wapagazi, hutangulia kambini, na picha ziko njiani. Wala usiizike chini ya koti la mvua. Mtu aliyechoka hafungui zipu. Ikae kifuani au kwenye mkanda wa bega, isipokuwa kwenye Ukuta wa Barranco. Pale mikono yote miwili inashika miamba, basi irudi ndani ya begi.

Picha zenyewe hazina aibu. Sensa, yaani kihisi cha picha, ni ya saizi ya APS-C, megapikseli 24.3, na faili la RAW (data ghafi ya sensa) huvumilia kunyanyuliwa kivuli. Hilo lina maana kubwa Barranco asubuhi, Kibo, kilele kikuu, ikiwa imeshapata jua na bonde lenye miti ya senesio bado liko kizani. Piga ukilinda sehemu yenye mwanga, kivuli utakirudisha nyumbani. Kwenye theluji na barafu mambo hugeuka: kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na barafu hutoka ya kijivu. Bonyeza upande wa chini wa gurudumu la nyuma, ongeza mwanga +0.7 hadi +1, kisha tazama histogramu (grafu ya mwanga). Skrini haina mguso, na mlimani hiyo ni neema, kwa kuwa vitufe na magurudumu huendeshwa hata na glovu nyembamba. Kinachokera ni kukosekana kwa kipimo cha usawa. Kwenye mteremko jicho hudanganyika, na bahari ya mawingu hutoka imelala upande. Washa mistari ya gridi na usiizime.

Sasa lenzi. Hii 16-50mm ni nyepesi na hujikunja ikawa nyembamba kama andazi lililokaliwa, lakini pembe za picha ni laini, hasa kwenye 16mm, na RAW isiyosahihishwa huonyesha mistari iliyopinda. Ipe f/8 (namba ya f ni tundu la lenzi; ikikua, tundu hupungua), na ukitumia 18 au 20mm badala ya 16 utaona nafuu. Kupita f/11 hupati kitu, ukali huanza kupungua. Zumu yake huendeshwa na mota: ukiwasha kamera lazima isubiriwe itoke, na kila safari hiyo inakula betri. Anayeweza kuongeza lenzi moja tu achukue 55-210mm, gramu 345. Wengi hudhani mandhari ya mlima ni kazi ya lenzi pana, kumbe kwenye 16mm Kibo hugeuka kichuguu na robo tatu ya picha ni mawe ya njiani. Kutoka kambi ya Shira jioni, Mlima Meru ukiwa magharibi umeelea juu ya mawingu, ni 150 au 200mm inayoupa ukubwa wake.

Betri ndiyo itakayokuvunja moyo usipojipanga. NP-FW50 inahesabiwa picha 360 kwa skrini, 310 ukichungulia kwenye kijicho, na hesabu hiyo si ya baridi. Kwenye baridi kali kemia ya betri huzubaa, haiwezi kutoa umeme kwa kasi inayotakiwa, na kamera hujizima ikidai imekwisha. Usiitupe: ipashe moto kwapani dakika kumi, sehemu kubwa ya chaji itarudi. Beba nne, tano ukitaka kupiga nyota. Usiku zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na pawabenki. Kamera huchaji kwa USB, ila taratibu, saa nne na zaidi, na lazima iwe imezimwa. Zima Pre-AF (kufokasi kabla hujabonyeza), washa hali ya ndege. Tena, ikining'inia kifuani, kihisi cha jicho hudhani mtu anachungulia, na kijicho kinabaki kinawaka bure. Ukitembea, zima kamera kabisa.

Usiku wa kilele watu huondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita. Kamera ikae ndani ya koti la nje, betri ikae mfuko wa ndani kabisa, uiingize ukifika Stella Point kwenye ukingo wa kreta, mita 5,756, jua likikaribia kutokea upande wa kilele cha Mawenzi. Una dakika chache za rangi nzuri na vidole visivyotii. Kwa hiyo mipangilio ifanyike Barafu kabla ya kulala: hali ya A (wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi), f/8, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) Auto yenye kikomo cha 1600, RAW. Pale juu usipumulie kijicho, mvuke huganda.

Kwa nyota, lenzi ya 16-50mm inachosha. Kamera ikilala au kuzimwa, lenzi hurudi ndani na fokasi uliyoihangaikia inapotea. Weka muda wa kulala uwe dakika 30, au tafuta lenzi ya Samyang 12mm f/2 ya kufokasi kwa mkono, gramu 245 hivi, ambayo fokasi yake hukaa ulipoiacha. Anzia sekunde 20, f/2, ISO 3200. Zima upunguzaji wa chenga wa mwanga mrefu (Long Exposure NR), la sivyo kila picha ya sekunde 20 itakuchelewesha sekunde 20 nyingine. Kipima muda cha sekunde mbili huzuia mtikisiko wa kidole, lakini hakitumiki pamoja na breketi (picha kadhaa mfululizo zenye mwanga tofauti), maana viko kwenye orodha moja. Kwa breketi tumia rimoti. Stendi nyepesi hutikiswa na upepo hadi uning'inize begi katikati. Angalia pia bati la stendi: likiwa pana huziba mlango wa betri ulio chini ya bodi.

Haina kinga ya maji wala vumbi. Msitu wa siku ya kwanza humwaga mvua, na vumbi la kambi ya Karanga ni laini kama unga. Badili lenzi ndani ya begi, mdomo wa bodi ukitazama chini. Kabla ya kuingia hemani na kamera baridi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iache ipate joto humo humo. Ukiitoa mapema unyevu wa pumzi zenu utatua kwenye kioo. Anayetaka bodi iliyozibwa vizuri zaidi aende a6400 ya 2019, gramu 403, ila akumbuke inatumia betri ile ile.

Ukikagua iliyotumika, piga ukuta mweupe kwa f/16 na uvute picha: madoa meusi ni uchafu wa sensa. Washa na kuzima mara kumi. Zumu ikikwaruza au ikisita, nunua bodi peke yake. Na toa betri utazame mbavu zake, kwa sababu za bandia huvimba na kukwama humo ndani.